Lodi Delamere, Mfugaji wa Njoro na Soysambu

Ukilitaja jina la Delamere mbele ya vijana wa siku hizi, wengi watawaza maziwa na mtindi, au pale Naivasha ambapo magari ya safari husimama ili abiria wanyooshe miguu na kutia chochote tumboni. Wachache ndio wanaojua kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. Wazee wetu wao hawakusahau. Kuanzia 1903 hadi 1931 hapakuwa na mlowezi aliyekuwa na sauti nzito nchini humu kumshinda yeye, na magavana kadhaa walikosa usingizi kwa sababu yake.

Mwenzangu mmoja chamani ameniuliza mbona nisiandike juu ya Koitalel arap Samoei au Mekatilili wa Menza, nikaenda kumchagua mkoloni. Swali zuri hilo. Mashujaa hao tumekwisha kuwaandika na tutawaandika tena. Lakini nionavyo mimi, mtu hawezi kukielewa kilio cha ardhi katika Bonde la Ufa bila ya kumjua bwana huyu: alivyoipata ardhi, jinsi ilivyomtoa jasho, na ni kina nani waliohamishwa ili yeye na wenzake wapate pa kulishia. Haya basi, tega sikio.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Jina hilo la ukoo hutamkwa Chamli. Herufi zile nyingine Waingereza wamezipeleka wapi, sijui. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 huko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika ukoo wa makabaila wenye jumba kubwa lililoitwa Vale Royal. Baba yake alifariki mwaka 1887, na kijana wa miaka 17 akajikuta ndiye Lodi Delamere wa tatu, mwenye mali, mashamba na wapangaji. Alikuwa amesoma Eton, shule ya wana wa wakubwa, lakini vitabu havikumkaa. Farasi, mbwa wa kuwindia na bunduki ndivyo vilivyompendeza. Kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa tabaka lake, alijiunga na jeshi la akiba la Cheshire akawa afisa, kwanza wa askari wa miguu, kisha wa wapanda farasi. Uanajeshi huo wa ujanani haukumpeleka vitani, ila ulimfunza kuamrisha watu na kuishi hemani. Vita vyenyewe vilikuja kumkuta Afrika miaka mingi baadaye.

Mwaka 1891 alivuka bahari akaenda Somalia kuwinda. Akarudi tena, na tena. Safari moja, mwaka 1894, nusura iwe ya mwisho. Simba aliyejeruhiwa alimrukia akamwangusha, akaanza kumtafuna mguu. Mshika bunduki wake, Msomali aliyeitwa Abdullah Ashur, hakukimbia. Alimvamia yule simba kwa mikono mitupu, na katika purukushani hiyo Delamere akapata nafasi ya kuifikia bunduki yake. Wote wawili walipona, lakini Delamere alichechemea tangu siku ile hadi kaburini. Sijui wewe msomaji unaonaje, lakini mimi kila nikisoma habari za wawindaji hawa mashuhuri huwa nawatafuta watu wa aina ya Abdullah, maana bila yao pasingekuwa na Lodi wa kuandikiwa makala. Wasomali walibaki kuwa watu wake wa karibu maisha yake yote. Ndio aliowaamini na mifugo na nyumba.

Mwishoni mwa 1896 aliondoka bandari ya Berbera na msafara wa ngamia wapatao 200, pamoja na daktari, mpiga picha na mtu wa kukausha ngozi za wanyama. Walikata jangwa kuelekea kusini, mwendo wa miezi mingi wa kiu na vumbi. Mwaka 1897 wakapanda kutoka nchi kame hadi Baringo na Laikipia. Hebu fikiria, mtu aliyetoka kwenye mchanga unaochoma akaona mbele yake nyasi mabichi, mito ya maji baridi na misitu ya mierezi! Delamere alizugwa na nchi ile. Na kitu kilichomzuga zaidi ni kwamba aliiona kama haina mwenyewe.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia. Nchi ile haikuwa tupu. Miaka michache tu kabla ya hapo, sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe kote Afrika Mashariki, ndui ikafuata ikafyeka watu, na Wamaasai wenyewe walikuwa wamepigana vita vya ndugu kwa ndugu. Waliosalia walikuwa wamekusanyika penye usalama, wakingoja mifugo izaane upya ili warudi katika malisho yao. Mzungu aliyepita 1897 aliona nyumba ambayo mwenyewe ametoka kwenda matangani, akasema hii haina mtu.

Alirudi kwao, na mwaka 1899 akamwoa Florence Cole, binti wa Lodi Enniskillen wa Ireland. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikisonga mbele, ikafika Kisumu mwaka 1901. Serikali ya Kiingereza iliyokuwa imetumia mamilioni ya pauni kuijenga ikawa inataka walowezi wa kulima na kufuga ili reli ipate mizigo. Delamere na mkewe wakafika kuhamia mwaka 1903. Kamishna, Sir Charles Eliot, alikuwa mtu wa kuwapenda walowezi, lakini ombi la kwanza la Delamere, la ardhi ya Laikipia, lilikataliwa kwa kuwa ni mbali mno na reli. La pili, upande wa Naivasha, likakataliwa kwa ajili ya Wamaasai. La tatu likakubaliwa: ekari 100,000 pale Njoro, kwa mkataba wa miaka 99, kwa sharti kwamba atatumia pauni 5,000 katika ardhi hiyo kwa muda wa miaka 5. Ekari laki moja kwa mtu mmoja! Siku hizi ndugu wanashtakiana kwa robo ekari.

Shamba aliliita Equator Ranch, yaani ranchi ya ikweta. Hakuanza vizuri. Alikuwa ameangushwa na farasi akaumia uti wa mgongo, akalazwa chali kwa miezi. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa kibanda cha udongo na nyasi, na ndani yake mkiwa na samani za fahari kutoka Vale Royal, zimesimama juu ya sakafu ya udongo. Bibi Florence ndiye aliyesimamia kazi nyingi mumewe akiwa mgonjwa au yuko Nairobi akigombana na wakubwa wa serikali. Wanahistoria hawamtaji sana mama huyu. Yaonekana alikuwa mvumilivu kupita kiasi.

Basi Delamere akaagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand, majike yapatayo 500, wa damu safi, wenye sufu ya thamani. Wakateremshwa meli, wakapanda gari la moshi, wakafika Njoro. Nyasi zilikuwa zimestawi hadi magotini. Lakini kondoo wakaanza kudhoofika. Walikula wasishibe, wakakonda huku malisho yako mdomoni, wakaanguka mmoja mmoja. Muda si muda, wanne katika kila watano walikuwa wamekufa. Akajaribu ng'ombe, mafahali wa Kizungu wa kuchanganya na ng'ombe wa kienyeji. Homa ya mapafu ikaingia. Ikifuatwa na magonjwa ya kupe, ndigana kali na mengineyo, ambayo ng'ombe wa kigeni hawakuwa na kinga nayo hata chembe.

Kumbe siri ilikuwa ardhini. Udongo wa sehemu zile za Njoro na Nakuru umepungukiwa na madini yaitwayo kobalti. Madini hayo yanahitajika kidogo sana, lakini mnyama wa kucheua akiyakosa kabisa tumbo lake haliwezi kutengeneza vitamini ya damu, naye hunyauka katikati ya nyasi. Wataalamu walikuja kuligundua jambo hilo baada ya miaka mingi. Wamaasai hawakuwa na maabara wala hawakujua neno kobalti, lakini walijua kwamba malisho ya pale si ya kukalisha ng'ombe muda mrefu, na walikuwa wakiyaepuka. Uzuri wa nyasi zile haukuwadanganya. Delamere alizioana nyasi zimesimama bila ya kuliwa, akadhani ni bahati yake. Nikisema kwamba alilipa ada ya shule sidhani kama nimemsingizia, na ada yenyewe ilitoka katika mashamba ya Vale Royal yaliyowekwa rehani.

Mfugo ulipomshinda aligeukia ngano. Hapo pia akaanza kwa kishindo. Alilima ekari zaidi ya elfu, ikachipua, ikapendeza macho. Halafu kutu, ule ugonjwa wa ukungu wa rangi ya hudhurungi, ukaimaliza. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye aliajiri mtaalamu, akamjengea maabara shambani, wakawa wanachanganya mbegu za ngano kutoka nchi mbalimbali wakitafuta ile itakayostahimili kutu. Hiyo ndiyo kazi iliyoufanya mji wa Njoro uwe makao ya utafiti wa ngano. Kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu kilianzishwa hapo mwaka 1927, na watafiti wangali wanapambana na kutu hadi leo, maana kila wakipata mbegu ngumu na kutu nayo hujibadilisha. Mwaka 1908 Delamere alishiriki pia kuanzisha kampuni ya kusaga ngano, nayo ikaitwa kwa neno la Kiswahili safi: Unga Limited. Ukila chapati, kuna mkono wake mahali fulani. Lazima tumpe haki yake.

Sasa turudi kwa Wamaasai. Mwaka 1904 serikali iliandikiana mapatano na viongozi wao, laiboni Olonana akiwa mbele. Wangeondoka Naivasha, Nakuru na Elmenteita, kwenye malisho bora kabisa karibu na reli, wahamie sehemu mbili: moja Laikipia kaskazini na nyingine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo zingekuwa zao maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Ardhi waliyoiacha ikagawiwa walowezi. Sehemu yake moja, kando ya Ziwa Elmenteita, ndiyo ikawa Soysambu, shamba la pili la Delamere, la ekari karibu 50,000. Kufikia 1910 au hivi alikuwa amehamishia huko mifugo yake mingi.

Na Soysambu mambo yakanyooka. Kwa nini? Kwanza, malisho ya pale yalikuwa yale ambayo Wamaasai wenyewe waliyachagua tangu jadi. Pili, Delamere alikuwa ameacha ubishi. Badala ya kung'ang'ania kondoo wa damu safi, aliwachanganya merino na kondoo wa Kimaasai, akapata kizazi chenye sufu ya kuuzwa na mwili wa kustahimili. Vilevile aliwaajiri Wamaasai kuchunga. Hakuna mlowezi aliyewasifu zaidi yake. Alijifunza lugha yao, na jioni wazee wa Kimaasai walikuwa wakiingia kibandani mwake, wanakaa, wanazungumza ng'ombe hadi usiku wa manane. Ng'ombe wake wakiibwa na morani aliweza kucheka, akaona ni ujanja wa kiume, ilhali Mkikuyu au mzungu mwenziwe akimgusa mali yake alikuwa moto.

Urafiki wa namna hiyo unanitatiza. Sidhani alikuwa mnafiki. Naamini aliwapenda kweli. Lakini aliwapenda wakiwa wamekaa sakafuni kwake Soysambu, katika ardhi iliyokuwa yao miaka 6 tu iliyotangulia, nao sasa ni wachungaji wa mshahara. Hilo yaelekea halikumkosesha usingizi.

Tena ahadi ya maadamu Wamaasai wangalipo haikudumu hata miaka 10. Walowezi walipoitamani Laikipia, mapatano mengine yaliandikwa mwaka 1911, ya kuwahamisha wote waende kusini. Olonana alikuwa amefariki mwaka huohuo, na ikadaiwa kwamba aliacha wasia watu wake wahame. Safari ya kwanza iliingia mvua na baridi ya Mau, watu na mifugo wakafa njiani, ikabidi isimamishwe. Kiongozi wa kaskazini, Parsaloi ole Gilisho, aliyejulikana kama Legalishu, alikataa. Yeye na wenzake hawakushika mikuki. Walitafuta mawakili wakaishtaki serikali mahakamani, jambo la ajabu kwa wakati ule. Mwaka 1913 kesi ilitupwa, si kwa kuwa hawakuwa na haki, bali eti kwa kuwa mapatano yale yalikuwa kama ya dola mbili, na mahakama ya Mwingereza haina mamlaka juu ya mikataba ya dola. Fikiria! Walikuwa dola siku ya kushtaki tu, na siku ya kuhamishwa walikuwa raia wa kuswagwa. Kufikia 1913 walikuwa wameondolewa Laikipia na makumi ya maelfu ya ng'ombe wao.

Walowezi nao walikuwa na sheria yao. Shemeji yake Delamere, Galbraith Cole, mwanajeshi wa zamani aliyepigana katika Vita vya Makaburu na aliyekuwa na shamba la Kekopey jirani na Soysambu, alimpiga risasi na kumwua Mwafrika aliyemshuku kuhusika na wizi wa kondoo mwaka 1911. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likamwachilia. Safari hii serikali iliona haya ikamfukuza nchini, ila baadaye akaruhusiwa kurudi.

Delamere mwenyewe siasa alikuwa ameziingia mapema. Alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi tangu alipofika, na Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1907 aliteuliwa kuwa mmoja wa wajumbe. Mwaka uliofuata aliongoza kundi la walowezi hadi nyumbani kwa Gavana Sadler wakipiga kelele kwamba hawapati vibarua, hadi akasimamishwa ujumbe. Nairobi ilikuwa bado kijiji cha mabati, na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904, ndiyo ilikuwa maskani yao. Delamere akiwa mjini, ndevu hazijanyolewa na nywele nyekundu zimefika mabegani, ilikuwa heri ufunge mlango. Alilenga chupa na taa kwa risasi kama mchezo. Nyumbani kwake Soysambu aliishi maisha ya kawaida mno, akila nyama ya swala siku nenda siku rudi na kuamka kabla ya jogoo.

Kuhusu vibarua, maoni yake aliyatoa waziwazi mbele ya tume ya serikali ya 1912 na 1913. Kiini chake ni kwamba Mwafrika akiachiwa ardhi ya kumtosha, hatakuja kumfanyia kazi mlowezi. Kwa hiyo asiachiwe. Alisema bila ya kuficha, na mimi nasema afadhali huyo kuliko wale waliofanya vilevile huku wakihubiri ustaarabu. Baadaye zikaja kodi, hifadhi zenye mipaka, na kipande shingoni. Sheria ya ardhi ya 1915 nayo iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999.

Mwaka 1914 ulimjia na misiba miwili. Mwezi Mei Bibi Florence alifariki, akiwa bado kijana, baada ya miaka 11 ya vumbi la Njoro na Soysambu. Agosti vita vikuu vikaanza, na upande wa pili wa mpaka, katika Tanganyika ya leo, walikuwa Wajerumani. Hapa ndipo uanajeshi wa Delamere ulipopata kazi. Hakupelekwa kuongoza vikosi. Alitumwa mpakani, katika nchi ya Wamaasai, kuunda mtandao wa wapelelezi. Wakimbiaji wa Kimaasai walimletea habari za nyendo za Wajerumani naye akazipeleka makao makuu. Alilala porini, akala alichopata, akaugua homa mara kwa mara hadi mwili ukasalimu amri ikabidi aondolewe akatibiwe. Ni ajabu ya dunia kwamba watu waliotolewa Laikipia mwaka mmoja tu kabla ya hapo ndio waliokuwa macho na masikio ya Mwingereza mpakani, na aliyewaita alikuwa yeye. Walimwitikia.

Baada ya vita serikali iligawa mashamba zaidi kwa wanajeshi wa kizungu waliotoka vitani, katika mpango wa 1919, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka nchi ya Wanandi. Askari wa Kiafrika na wapagazi wa Kariokoo, waliokufa kwa maelfu na maelfu, hawakupewa hata ploti. Delamere sasa alikuwa mzee wa walowezi. Lengo lake lilikuwa moja: Kenya itawaliwe na wazungu waliomo, kama ilivyokuwa ikifanyika kusini mwa Afrika. Wahindi walipodai haki sawa ya kupiga kura na kumiliki mashamba nyanda za juu, walowezi walikasirika hadi wakapanga kumteka nyara gavana. Delamere alikwenda London mwaka 1923 kutetea hoja yao. Matokeo yake hayakumfurahisha mtu. Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba nchi hii ni ya Waafrika kwanza, na wageni wakigongana nao, maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Kwa vitendo kauli hiyo haikurudisha hata ekari moja wakati ule, lakini ndoto ya Delamere ya kujitawala ilikuwa imetiwa kidonda kisichopona.

Hakukata tamaa. Mwaka 1925 aliitisha mkutano wa walowezi wa nchi za jirani huko Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, akiwalisha na kuwanywesha kwa fedha zake, ili waunganishe nguvu. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa walioanzisha kiwanda cha siagi cha ushirika Naivasha, kilichokuja kuwa KCC, ile ambayo maziwa yake ya shule wengi wetu au wazazi wetu waliyanywa kwa mrija. Mwaka 1928 alioa tena, akamwoa Gwladys, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa Nairobi. Lakini afya ilikuwa imekwisha, na pesa nazo. Bei za mazao zilianguka dunia nzima mwaka 1929, na mtu aliyeonekana kuwa tajiri wa matajiri alikuwa kwa kweli akiishi kwa mikopo ya benki. Urithi wote wa Cheshire ulikuwa umemezwa na udongo wa Njoro.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Soysambu, mahali panapolitazama Ziwa Elmenteita. Madeni aliyoyaacha yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwanawe Thomas, Lodi wa nne, alihangaika miaka mingi kuliokoa shamba.

Nairobi walowezi walimjengea sanamu, kazi ya mchongaji Kathleen Scott, ikazinduliwa mwaka 1939 katika barabara kuu iliyobeba jina lake. Ikasimama pale hadi uhuru ulipofika mwaka 1963. Barabara ikabadilishwa ikawa Kenyatta Avenue, sanamu ikang'olewa ikapelekwa Soysambu, ikawekwa katika shamba la mwenyewe. Shamba lenyewe halikugawiwa. Uhuru uliwakuta akina Delamere na ukoo huo ukabaki pale. Mwaka 2007 Soysambu ikafanywa hifadhi ya wanyama, na ziwa lake likaingizwa mwaka 2011 katika urithi wa dunia. Wamaasai waliotoka Laikipia hawakurudishiwa. Mwaka 2004, ikitimia miaka 100 tangu mapatano ya Olonana, walitoka kuandamana wakidai ardhi hiyo, na polisi wakawatawanya.

Ukiwa safarini kwenda Nakuru, baada ya kupita Gilgil, utaona upande wa kushoto, ng'ambo ya ziwa, kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali, paji, pua na kidevu vikiangalia mbinguni. Walowezi walikiita Pua ya Delamere. Wamaasai husema ni morani aliyelala, na walikuwa wakisema hivyo kabla ya Delamere kuja na ngamia zake.